Mpira wa tyubu sio kamba jamani

Saa moja kasoro asubuhi simu inaita, namba siijui, napokea nasikia sauti ya mzee, mwangaluka mayu, yaani habari za asubuhi mama kwa Kisukuma, umeamkaje, watoto wazima, kwa upole kabisa, yaani salamu ile ndefu ambayo unajua kabisa huyu akimaliza kuna jambo. Na kweli. "Mayu, wewe ndo mwenye pikipiki? Maana mchele wangu wote unanuka petroli."

Nikakaa kitandani. Pikipiki ni yangu ndiyo, nina mbili za mkataba hapa Mwanza na hiyo ya tatu nilikuwa nimempelekea mdogo wangu Geita, nilipakia Buhongwa jana yake jioni kwenye Fuso moja lililokuwa linapeleka mchele. Nikalipa nauli ya mzigo, nikampa na utingo hela ya soda ili aifunge vizuri, nikarudi zangu nyumbani nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Baadaye mdogo wangu akanitumia picha. Tenki limebonyea upande mmoja kama sufuria iliyokanyagwa na ng'ombe, usukani umeangalia kushoto wakati tairi linaangalia mbele, mkono wa klachi hakuna, indiketa mbili zimeenda, na pikipiki yenyewe imelala juu ya magunia kama mgonjwa. Kwenye keria kumebaki kipande cha mpira wa tyubu kinaning'inia. Kile kipande ndicho kilichonipandisha hasira mpaka leo naandika hapa.

Nikampigia utingo. "Mama mi niliifunga vizuri kabisa, sema barabara."

Barabara! Kutoka Buhongwa mpaka Geita ni lami, katikati kuna daraja la kilomita tatu limenyooka kama rula, barabara imekukosea nini wewe mtoto? Matuta ya Sengerema yapo toka zamani, hayakuzaliwa usiku ule.

Sasa nisikilizeni, maana najua wengi wenu mnasafirisha vitu kila wiki na mnafungiwa na hiyo hiyo mipira. Mpira wa tyubu kazi yake ni kuvutika. Ndo maana tunaupenda, unauvuta, unauzungusha, unachomeka ncha, umemaliza, hauhitaji hata kujua fundo. Lakini kitu kinachovutika ukikivuta wewe kitavutika pia kikivutwa na pikipiki. Pikipiki ya bodaboda ina kilo 120 hivi. Dereva akikanyaga breki ya ghafla, labda mbuzi kakatiza, ule uzito wote unataka kuendelea na safari. Kule Marekani sheria za mizigo ya malori zinataka mzigo ufungwe kiasi kwamba ukisukumwa kwenda mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake usitoke, na asilimia 50 ukisukumwa pembeni au nyuma. Piga hesabu mwenyewe, asilimia 80 ya kilo 120 ni kilo 96, ni gunia la mchele zima linarukia mipira miwili ya tyubu kuukuu iliyokuwa imechanika pembeni. Mpira haukatiki hapo hapo, ungekatika ningesema bahati mbaya. Unavutika kwanza, pikipiki inasogea kidogo, mpira unairudisha, tuta lingine inasogea zaidi, inarudishwa, inabembea kama mtoto mgongoni mpaka stendi inateleza na hapo tena hakuna mpira wala nini.

Na stendi nayo! Waliipakia imesimama kwa stendi ya pembeni, imeegemea magunia. Kila mtu anafanya hivyo, hata mimi niliona na sikusema kitu. Stendi ya pembeni imetengenezwa pikipiki isimame nje ya saluni ikusubiri, ukiipandisha kwenye bodi ya Fuso inageuka nyundo, kila tuta inagonga ubao, inatafuta tundu, ikilipata inazama na pikipiki inafuata.

Mtoto wa dada yangu ndo alinifungua macho, huyu ni wa kushinda YouTube. Akanionyesha trela za Wamarekani, jamani watu wana hela za kuchezea, trela moja mbele kuna kitanda na jiko na choo, nyuma ni gereji ya pikipiki, ukuta wa nyuma unashuka unakuwa daraja la kupandishia. Mtu anaenda kutembea porini na nyumba yake na pikipiki yake, jioni anasafisha gereji analala humo humo. Nikacheka sana. Ila nilipoacha kucheka nikaangalia wanavyofunga, nikanyamaza.

Sakafuni kuna pete za chuma, na hizo pete hazikupigiliwa kwenye plaiwudi, zimeshikiliwa na boliti mpaka kwenye fremu ya trela, kwa sababu plaiwudi inang'oka. Tairi la mbele linaingia kwenye kibanio ili lisigeuke. Halafu mikanda ya racheti minne, ile yenye kikazio cha meno cha kuvutia, miwili mbele miwili nyuma, kila mmoja umelala kwa mshazari kwenda chini na nje, sio wima kama kamba ya ndoo kisimani. Stendi imekunjwa. Pikipiki imesimama wima yenyewe kama askari wa gwaride, hakuna kuegemea mtu.

Kitu ambacho sikuwahi kukifikiria maishani ni shokapu. Wanakaza ile mikanda ya mbele mpaka shokapu za mbele zinaminyika, theluthi hivi mpaka nusu. Kwa nini? Kwa sababu gari likipiga tuta shokapu zinazama zenyewe, na zikizama mkanda unalegea kwa sekunde moja, na sekunde moja inatosha kulabu kuchomoka kwenye pete. Ukiwa umeziminya tayari, hata zikizama zaidi mkanda bado una mvuto. Usiminye mpaka mwisho lakini, unaua sili za mafuta halafu unaanza kumlaumu fundi. Na mkanda unapita kwenye chuma kinachoshika shokapu, au chini ya usukani karibu na katikati, usiuzungushe kwenye waya wa klachi wala mpira wa breki.

Niliangalia ile video mara tatu, mimi mama wa miaka hamsini na kitu, nikasema kumbe hii ni kazi kabisa, ina ufundi wake, sisi tumempa kijana wa soda.

Nakubali, sio mipira yote ni mibaya. Kreti ya soda kwenye keria kutoka Igoma mpaka Nyakato, mpira unatosha, tena ni mzuri. Na wapo matingo wazee wanafunga kwa kamba ya manila na lile fundo la kuvuta mara mbili, turubai linalia ngo kama ngoma, huyo hata bila racheti mpe pikipiki yako uende ukalale. Shida hao wanazidi kuzeeka na vijana hawataki kufundishwa kitu kisichokuwa na betri.

Na koki ya mafuta sikuifunga mimi mwenyewe. Haya, nimesema. Pikipiki ya kabureta ikilala na koki iko wazi lazima imwage, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unakaa chini chini kwenye magunia na chini ya turubai. Ingekuwa utingo kavuta sigara kule nyuma leo nisingekuwa naongelea mchele. Wale Wamarekani wenyewe wanaambiwa wafunge mafuta na waache gereji ipate hewa kabla ya kulala, na wana madirisha. Sisi turubai limefungwa pande zote na kuna kijana kalala juu.

Halafu kuna hili la daraja, mtanisema lakini nasema. Zamani tukifika Kigongo, pale daraja linapoanzia sasa, foleni ya kivuko ilikuwa inaudhi, masaa mawili jua la saa nane, mahindi ya kuchoma, mtoto analia. Lakini pale ndipo dereva alikuwa anashuka, utingo anapanda juu anazunguka mzigo, kamba iliyolegea inakazwa, mtu anaona pikipiki imeanza kuinama anaisimamisha. Kivuko kilikuwa kinatulazimisha kukagua bila sisi kujua. Toka Juni 2025 daraja lilipofunguliwa ni dakika chache umeshafika Busisi ng'ambo, naliombea heri nyingi hilo daraja, lakini hakuna anayesimama tena. Kamba yoyote mpya inajinyoosha na mzigo unajipanga upya kwenye kilomita za mwanzo, kwa hiyo ukifika Usagara, kabla ya daraja, shuka. Dakika tano tu. Vuta kila mkanda kwa mkono. Hakuna daraja litakalokukumbusha.

Sasa niache utani kidogo. Sisi watu wa ziwa hatuna haki ya kuona uzito unaosogea ni jambo dogo. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama, tena hapo karibu kabisa na Mwanza. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere, ikitokea Bugolora, Ukerewe, kwenda kisiwa cha Ukara, kivuko cha watu 101, wakafa watu 228, wakati kinakaribia kabisa gati la Bwisya, watu washaanza kusogea upande wa kushukia. Sisemi pikipiki ndo ilizamisha, msiniwekee maneno mdomoni, kivuko kilikuwa kimezidisha watu na mizigo na hilo lilisemwa. Nasema kitu kikishaanza kuhama upande mmoja juu ya maji kinaita kingine. Mimi nimepanda vivuko vidogo vya visiwani nikaona pikipiki sita zimepangwa kwa stendi za pembeni, hazijafungwa hata kwa kamba ya viatu, abiria wamekaa juu ya matenki wanachati, wimbi likija wote tunasema eeeh halafu tunacheka. Sasa hivi nikiona hivyo silali, nashikilia ile ya karibu yangu kwa mkono kama chizi.

Guta sizungumzii. Mtu anapakia saruji yote nyuma mpaka tairi la mbele linapepea hewani, huyo anaongea na Mungu moja kwa moja.

Mtasema mikanda ni ghali. Mikanda minne ya racheti niliyonunua mjini imenigharimu kama hesabu ya wiki ya bodaboda moja, tenki jipya ni zaidi ya hapo, na magunia matatu ya mchele ndo usiseme. Mkinunua someni lebo, kuna namba mbili, kubwa ni ya mkanda kukatika, ndogo ni ya mkanda kufanya kazi, theluthi tu ya ile kubwa. Muuzaji atakutajia kubwa. Na pale mkanda unapopita kwenye kona ya chuma weka kipande cha gunia, chuma kinakula mkanda kama panya.

Mzee wa mchele nimemlipa, hakupandisha sauti hata mara moja, afadhali angenitukana. Gunia moja nilimwomba nilichukue, nikasema nitalianika harufu itatoka. Nimelianika siku tisa. Kuku wanakuja, wanaliangalia, wanaondoka.

Jumanne nilipakia tena, friji ya mdogo wangu huyo huyo na tenki lililonyooshwa. Nilipanda juu ya bodi mwenyewe na khanga yangu, nikafunga, nikakaza, vijana wa Buhongwa wakawa wanapiga picha wanasema mama kawa fundi racheti. Vikafika salama, hata mkwaruzo hakuna. Jioni dereva ananipigia, "Mama, hii mikanda ni mizuri eeh, nikurudishie au ni ya gari?"

Nikamwambia irudi yote minne baba.

Imerudi mitatu.