Kukatiza Usingizi Ili Kutoka Mwilini: Alamu Inafungua Mlango Gani?

Maelekezo yenyewe ni mepesi mno. Unalala mapema, unatega alamu ikuamshe baada ya saa tano au sita, unakaa macho nusu saa hivi, wengine hadi saa nzima, bila kuwasha taa kali wala kuperuzi simu. Kisha unarudi kitandani, unalala chali, na kazi inayobaki ni moja tu: kuuacha mwili ulale huku akili ikikesha. Mambo yakienda sawa, wanasema waliojaribu, masikio huanza kuvuma, mtetemo hupita kutoka utosini hadi nyayoni, viungo vinakuwa vizito visivyonyanyuka. Hapo ukijibiringisha, si kwa misuli bali kwa nia, unajikuta umesimama kando ya kitanda ukiutazama mwili wako uliolala.

Anayesimulia tukio hilo hasemi "niliota". Anasema "nilitoka". Na ugomvi huanzia hapo. Wako wanaoshikilia kwamba nafsi huuacha mwili kweli na kutembea, na wako wanaowajibu kwa kifupi kwamba hiyo ni ndoto, tena ya mtu aliyejinyima usingizi. Wa kwanza huwaona wa pili vipofu, wa pili huwaona wa kwanza washirikina.

Kwa maoni yangu wote wanaliruka swali lililo karibu zaidi. Kwa nini lazima usingizi ukatizwe? Ikiwa nafsi ina uwezo wa kutoka, ina haja gani na alamu ya saa kumi alfajiri? Mbona haitoki kirahisi hivyo saa tatu usiku, mtu anapojilaza tu? Jibu lake limo katika jinsi usiku unavyogawanyika.

Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kuwa wamegundua kipindi cha usingizi ambamo macho ya mtu aliyelala huchezacheza kwa kasi chini ya kope. Ndicho tunachokijua leo kama usingizi wa REM, ambamo ndoto huwa nyingi na kali. Tangu hapo imefahamika kwamba usingizi huja kwa mizunguko ya takriban dakika 90. Mizunguko ya mwanzo hujaa usingizi wa fofofo, REM ikipata dakika chache tu. Kadiri alfajiri inavyokaribia, REM hurefuka na usingizi mzito hupungua. Katika REM shina la ubongo hulegeza karibu misuli yote ya mwili, isipokuwa ya macho na ya kupumua, ili mtu asije akainuka na kuitenda ndoto yake.

Sasa mwamshe mtu katikati ya mpangilio huo, mkeshe kidogo, kisha mrudishe kitandani. Usingizi wa ndoto unarudi kwa pupa, na mara nyingine unamdaka kabla akili haijazimika. Misuli imeshafungwa, mitambo ya ndoto imeshawaka, na mwenyewe yuko macho anashuhudia.

Hilo limepimwa maabara. Mwaka 1992 watafiti wa Japani wakiongozwa na Tomoka Takeuchi walichukua watu 16 wenye afya na kuwakatizia usingizi kwa makusudi. Kila aliyeamshwa alikeshwa dakika 60, kisha akaruhusiwa kulala. Katika asilimia 71.9 ya majaribio, mtu aliporudi kulala aliangukia REM moja kwa moja, jambo ambalo kwa kawaida halimtokei mtu mzima mwenye afya anapoanza kulala. Na katika asilimia 9.4, yaani mara sita, alipatwa na jinamizi: yuko macho, anajua alipo, lakini hawezi kuinua hata kidole. Karibu yote hayo yalitokea mtu alipoangukia REM kwa namna hiyo.

Tuzitazame takwimu hizo kwa utulivu. Kwanza, zinawapa haki wale wanaosema mbinu hii inafanya kazi. Kukatiza usingizi kunaleta hali isiyo ya kawaida, na kunaileta kwa watu ambao hawana ugonjwa wowote. Anayedai kwamba wote wanaosimulia haya wanatunga anabishana na vipimo. Pili, zinampunguza kasi anayeahidi kwamba usiku mmoja unatosha. Hata maabara, kwa ratiba iliyopangwa kwa dakika, mlango ulifunguka nusu tu mara chache, na aliyekuwa mlangoni alikuwa jinamizi. Utafiti wa Denholm Aspy wa Chuo Kikuu cha Adelaide, uliochapishwa 2017, unaelekea huko huko. Waliochanganya kuamka usiku na mazoezi ya kukusudia ndoto ya kujitambua, yaani ndoto ambayo mwotaji anajua kuwa anaota, walifaulu katika asilimia 17 ya usiku walizojaribu katika wiki moja. Ila waliopata usingizi ndani ya dakika tano baada ya zoezi walikaribia asilimia 46. Kwa hiyo mwenye kugeukageuka kitandani saa nzima akingoja kupaa amepoteza vyote viwili, safari na usingizi.

Jinamizi lenyewe halina sura moja. J. Allan Cheyne wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada alizichambua simulizi nyingi za watu waliowahi kukabwa, akaona zinajigawa makundi matatu. Wapo wanaohisi mtu ameingia chumbani. Wapo wanaohisi uzito kifuani na pumzi kubanwa. Na wapo wanaohisi kuelea, kuanguka, kuzunguka au kutoka mwilini. Makundi mawili ya kwanza hutawaliwa na hofu, la tatu hukaribia zaidi furaha. Kwangu hii ni hoja nzito kuliko inavyopewa nafasi, kwa sababu inamaanisha kupaa na kukabwa vinakaa nyumba moja. Anayetega alamu akitaka kupaa akubali kwamba huenda akakabwa, na wanaofundisha mbinu hii hulitaja hilo mwishoni, kwa sauti ya chini, kama hulitaja kabisa.

Upande wa ubongo una ushahidi mwingine ambao hauhusiani na usingizi hata kidogo. Mwaka 2002 Olaf Blanke na wenzake nchini Uswisi walikuwa wakimchunguza mwanamke mwenye kifafa kwa kupitisha umeme kidogo katika sehemu mbalimbali za ubongo wake. Walipogusa eneo moja upande wa kulia, mahali ambapo taarifa za kuona, za kuguswa na za mizani ya mwili hukutana, alihisi anadidimia kitandani. Walipoongeza umeme, akasema anajiona amelala, kutoka juu, ila anaona miguu na sehemu ya chini ya kiwiliwili tu. Hiyo nusu ya mwili ndiyo inayonifikirisha. Macho yanayotazama kutoka darini yangemwona mtu mzima. Ubongo unaojenga taswira ya mwili kwa vipande vilivyopo ndio ungetoa nusu. Miaka mitano baadaye, 2007, timu mbili, ya Henrik Ehrsson na ya Bigna Lenggenhager, zilionyesha kwamba hata mtu mzima wa afya, akiwa macho, anaweza kupotoshwa kuhusu mwili wake uko wapi. Walimvisha miwani ya video inayomwonyesha mwili wake kwa nyuma, wakaoanisha anachokiona na anavyoguswa, na hisia ya "mimi niko hapa" ikahama.

Ukiunganisha haya, maelezo yanakaa sawa. Kujua uko wapi ni hesabu ambayo ubongo unaipiga kila sekunde kutokana na macho, ngozi, misuli na sikio la ndani. Katika REM taarifa hizo zimekatwa kwa kiasi kikubwa. Ndoto inaleta zake. Mwotaji wa kawaida hajali, kwa kuwa hajijui. Aliyekatiza usingizi anajijua, anakumbuka kitanda chake na chumba chake, na ubongo unampa mwili unaosogea ilhali wa kweli haujasogea.

Je, hapo kesi imefungwa? Haijafungwa, na sina raha na wanaoifunga kwa neno "ndoto tu". Mwaka 1975 Keith Hearne wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, alimrekodi Alan Worsley akiwa katika REM, akitoa kwa macho ishara walizokubaliana kabla hajalala. Stephen LaBerge wa Stanford alilithibitisha jambo hilo kwa njia yake. Kumbe mtu anaweza kuwa usingizini kabisa na akawa na akili timamu, akakumbuka ahadi na kuitekeleza. Neno "tu" halistahili hapo.

Wanaoamini katika kutoka kweli wana jibu ambalo si la kipuuzi: mmeonyesha mlango, hamjaonyesha kwamba nje ya mlango hakuna kitu. Mfano wao wanaoupenda ni wa Charles Tart, mwanasaikolojia wa California, aliyechapisha 1968 majaribio yake na msichana aliyemwita Miss Z. Alilala maabara usiku nne, kichwa kimefungwa nyaya za kupimia ubongo, na juu ya kitanda kulikuwa na rafu yenye namba ya tarakimu tano asiyoweza kuiona akiwa amelala. Usiku mmoja aliamka akaitaja: 25132. Ilikuwa sahihi. Tena mawimbi ya ubongo wake wakati huo hayakufanana na ya REM, jambo ambalo linawapa taabu watu kama mimi wanaotaka kila kitu kiishie kwenye REM.

Lakini Tart mwenyewe aliandika kwamba juu ya rafu ile kulikuwa na saa, na namba ingeweza kuakisiwa humo. Jaribio zuri lililoacha kioo chumbani ni jaribio lenye shimo. Sam Parnia na wenzake walijaribu kwa njia nyingine, kwa wagonjwa ambao moyo ulisimama wakafufuliwa: waliweka rafu zenye picha zinazotazama dari katika hospitali za nchi kadhaa. Matokeo ya 2014, kutoka matukio 2,060, hayakuwa na hata mtu mmoja aliyeitaja picha. Haki isemwe pia: wagonjwa wawili waliosema waliona na kusikia walikuwa katika vyumba visivyo na rafu.

Basi nikiipima mizani, inalalia upande wa ubongo, hasa kwa safari hizi zinazoletwa na alamu. Kinachonishawishi zaidi kinatoka kwenye simulizi za wenyewe. Wanapotoka na kuzunguka chumbani, mara kwa mara hukuta makosa. Swichi inabonyezwa, taa haiwaki. Ukutani kuna dirisha ambalo halikuwahi kuwepo. Saa ya mezani inasoma hivi, ukiitazama tena inasoma vingine. Waamini huita hilo ulimwengu wa pembeni unaofanana na huu. Huenda. Ila chumba chenye taa isiyowaka na dirisha la ziada ni chumba kinachochorwa kwa kumbukumbu, na anayedai vingine anadaiwa ile namba ya rafuni, ikiwa imewekwa na mtu mwingine, bila kioo.

Kuhusu faida, nitasema machache. Wengi hurudi na hofu ndogo zaidi ya kifo, na faida hiyo haiondoki hata kama safari ilikuwa ya ubongoni. Susan Blackmore wa Uingereza alipata tukio kali la namna hii mwaka 1970 akiwa mwanafunzi Oxford, akaingia utafiti akitaka kuthibitisha kwamba nafsi hutoka, akaishia kuwa miongoni mwa wakosoaji wakubwa wa dai hilo. Hakulikana tukio lake. Alibadilisha maelezo yake.

Gharama ndizo zinazohitaji kusemwa kwa kirefu zaidi, maana pande zote mbili huzipuuza zikishindania nafsi. Mwaka 2015 vyama vya wataalamu wa usingizi vya Marekani vilishauri mtu mzima alale saa saba au zaidi kila usiku. Anayeamka saa kumi, akakesha saa nzima, akarudi kulala na kuamka saa kumi na mbili kwenda kazini, haifikii hiyo, labda awe alilala mapema sana. Akifanya hivyo usiku baada ya usiku, kinachofuata kinajulikana: usahaulifu, hasira za karibu, kusinzia kwenye usukani. Na upungufu wa usingizi wenyewe huongeza hisia za kujiona uko mbali na mwili wako mchana kweupe. Mtu anaweza kuhesabu hayo kuwa maendeleo, kumbe ni uchovu.

Kuna ambao wasijaribu kabisa. Mwenye kifafa, kwa kuwa usingizi uliokatwa ni kichocheo kinachojulikana cha degedege. Mwenye ugonjwa wa hisia za kupanda na kushuka, maana usiku mmoja mbovu waweza kumrusha kwenye wazimu wa furaha. Aliyewahi kupoteza mpaka kati ya ya kweli na ya kuwazwa naye akae mbali. Aliyebaki, akitaka, ajaribu usiku ambao kesho yake hana gari la kuendesha wala alamu ya pili, alale mapema ili saa saba zitimie, na akishikwa na jinamizi asipigane nalo: apumue taratibu, ajaribu kuchezesha kidole cha mguu, lipite lenyewe. Kwa kawaida huisha ndani ya dakika chache.