Vihisi vya sukari vijaribiwe kwenye damu yetu na joto letu

Mashine ya kupima sukari hununuliwa mara moja. Stripu, vile vipande vya kuwekea tone la damu, hununuliwa tena na tena, na ndizo zinazofanya kazi yenyewe ya kihisi, yaani kutambua sukari. Kwenye kile kipande cha plastiki kuna elektrodi (njia za kupitishia umeme) za kaboni iliyochapwa, au utando wa dhahabu mwembamba kuliko unywele mara nyingi sana, na juu yake kimeng'enya kilichokaushwa, yaani protini inayoharakisha mmenyuko wa kemikali. Tone la damu likiingia, kimeng'enya huchukua elektroni kutoka kwenye glukosi (sukari ya damu), kemikali nyingine huzifikisha kwenye elektrodi, na mashine husoma mkondo wa umeme. Watafiti wa Uingereza walichapisha njia hiyo mwaka 1984 wakitumia ferosini kama kemikali ya kufikisha elektroni, na mwaka 1987 kipimo chenye umbo la kalamu kikaingia sokoni.

Nafuatilia tafiti za tando mpya za kupimia sukari, na kuna jambo linaniuma. Nyingi zinataka kukiondoa kimeng'enya kwa kuwa huharibiwa na joto na unyevu. Sababu hiyo naiunga mkono kabisa. Hutumia oksaidi ya nikeli au ya shaba, na grafu zake zinavutia. Lakini ukifika kwenye maelezo ya jaribio, mara nyingi unakuta glukosi ilipimwa ndani ya sodiamu haidroksaidi, alikali kali, kwenye pH (kipimo cha asidi na alikali) ya karibu 13. Damu ya mtu ina pH ya 7.4, tena imejaa kloridi, asidi ya yuriki, pengine na paracetamol aliyomeza asubuhi, vitu vinavyoweza kuvuruga kipimo. Hiyo ni kemia nzuri, lakini kihisi cha mgonjwa bado.

Joto nalo linasahaulika. Stripu nyingi hutakiwa zisizidi nyuzi 30. Februari, Dar es Salaam, chumba cha bati huvuka hapo mapema tu. Wagonjwa wengine huamua kuziweka kwenye friji pamoja na insulini, kisha kikopo kikifunguliwa nje, unyevu unaingia.

Linalonitia hofu zaidi ni upungufu wa damu. Chembe nyekundu zikiwa chache, glukosi huifikia elektrodi kwa urahisi zaidi, mkondo unaongezeka, na namba inapanda kuliko sukari halisi. Fikiria mgonjwa wa kisukari aliyetoka kuugua malaria, au mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu: sukari yake imeshuka kwa hatari, mashine inasema yuko sawa. Akiongezewa insulini kwa kuamini namba ile, anaweza kupoteza fahamu. Mashine mpya zina elektrodi za ziada za kupima wingi wa chembe na kusahihisha jibu, ila si zote.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: utando usiitwe kihisi cha kisukari kabla haujapimwa kwenye damu nzima, ikiwemo yenye upungufu, na baada ya kukaa miezi kwenye joto na unyevu wa pwani. Na kazi hii tunaiweza. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imetengeneza tando nyembamba kwa miaka mingi kwa ajili ya nishati ya jua. Kwenye hospitali na chuo cha afya cha Muhimbili kuna watafiti wa selimundu wanaoijua damu hiyo vizuri. Kutoka Mlimani, kilipo chuo kikuu hicho, hadi Muhimbili ni safari ya daladala. Wenye fedha za utafiti wawalipie wakae meza moja, na waanze na stripu.