Ziwa Linampigia Mgeni Kelele

Jana asubuhi mgeni wa chumba namba tisa aliniita, akanieleza kwa masikitiko makubwa kwamba hakupata usingizi kwa sababu ziwa linapiga kelele. Nilisimama mbele yake na sinia mkononi, nikainamisha kichwa kama mtu aliyepewa habari ya msiba, nikamwahidi kwamba nitalifikisha jambo hilo kwa wakubwa. Sikumwambia kwamba mimi pia sikulala, kwa kuwa mvua ilipita chini ya kitanda changu ikielekea kwa jirani, na jirani akakesha akigonga ukuta, akiniuliza kwa nini ninamtumia maji yangu.

Nikaamua kwamba mtu wa hadhi yangu, aliyekunja mataulo kwa umbo la bata kwa miaka kumi na mmoja katika hoteli ya hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambayo bustani yake inateremka hadi Ziwa Kivu, anastahili chumba kikavu. Nikampigia komisioneri, yaani dalali wa nyumba.

“Papa,” alisema, “nyumba unayoitafuta ninayo, tena ina ziwa.”

Tulikutana Nyawera, akapokea dola tano za kutembeza miguu, ingawa nusu ya miguu iliyotembea ilikuwa yangu. Kwa kuwa alitaja ziwa, nilidhani tutaelekea Muhumba, lakini kila hatua tuliyopiga ilituweka mbali na maji. Tulipanda Kadutu, tukaliacha soko nyuma, tukapanda tena hadi Cimpunda, mahali ambapo bati la nyumba moja liko sawa na ua wa nyumba nyingine, nikajikuta nikimwamkia mama mmoja kupitia tundu la paa lake, naye akaitikia vizuri tu, akiendelea kupepea makaa.

Chumba kilikuwa na mlango uliofunguka nusu na ufa uliofunguka wote. Nilipouonyesha ule ufa kwa kidole, komisioneri aliupapasa kwa heshima, akasema kwamba ni wa tetemeko la Februari 2008, na kwamba ukuta uliokwisha kupasuka hauna haja ya kupasuka tena. Nikauliza ziwa liko wapi. Akaleta bidoni, dumu la kuchotea maji, akaligeuza, akaniomba nipande na kuelekeza shingo kushoto. Ni kweli, kati ya paa mbili palikuwa na kitu cha buluu kinachotosha kubandikwa kwenye bahasha.

“Wengine wanalipia hiyo peke yake,” aliniambia.

Mama mwenye nyumba alikuwa ameketi uani akichambua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Aliniuliza nina watoto wangapi. Ninao wanne, lakini komisioneri alikohoa, nikasema wawili, na hao wengine nikawaacha wapite kama wageni wa muda mrefu. Akasema lango linafungwa saa mbili usiku. Nikamweleza kwa adabu kwamba kazi yangu inaisha saa nne.

“Basi, Papa, ulale hukohuko hoteli.”

“Mama, huko ninakotandika vitanda, usiku mmoja na nusu unameza mshahara wangu wa mwezi mzima.”

“Kwa hiyo umekuja kwangu kwa kuwa mimi ni rahisi?”

Hapo nilipaswa kuondoka na heshima yangu, lakini nilibaki, maana mawingu yalikuwa yakijikusanya. Akataja garanti, yaani amana ya nyumba, ya miezi sita, kila mwezi dola 45. Nikavuta pumzi, nikamkumbusha, kwa sauti ninayoitumia kueleza divai, kwamba sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 hairuhusu garanti ya nyumba ya kuishi kupita miezi mitatu. Alinisikiliza hadi mwisho, mkono ukiwa ndani ya beseni la samaki.

“Na hiyo sheria ina bati?”

Komisioneri akacheka kuliko ilivyohitajika. Nikatoa noti ya dola hamsini iwe ya kushikilia chumba. Mama akafuta mkono, akaiinua juani, akakuta pembeni mpasuko mwembamba kama sharubu la mende, akanirudishia akisema kwamba dola hiyo ni mgonjwa. Nyumba ina ufa ninaoweza kupitishia mkono, na noti ndiyo inayokataliwa!

Umeme sikuuliza. Maji nilijibiwa kabla sijauliza, kwa kuonyeshwa bidoni lilelile nililolipanda.

Watu wanapenda kusema kwamba Bukavu ni mkono wenye vidole vitano uliochovywa ziwani, na ni maneno mazuri ya kumwambia mgeni anapokula, lakini hawaongezi kwamba sisi tunaovisugua vidole hivyo tunalala kwapani. Tangu 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka mto Rusizi na mashirika ya misaada yakawafuata na magari yao marefu, nyumba za kando ya maji zilijifunza kuhesabu dola na hazijasahau. Vijijini nako watu walikimbia vita, wakaja kubanana na sisi kwenye miteremko inayoporomoka kila mvua. Wabelgiji, ambao hawakuwa wajomba zetu, angalau walikumbuka kwamba mfanyakazi naye ana mgongo wa kulaza, na katika miaka ya 1950 wakajenga huko Bagira, sehemu nyingine ya mji huu, nyumba za matofali zinazosimama hadi leo. Nilimuuliza komisioneri kama huko kuna nafasi. Akasema iko moja, nyuma ya nyumba, ya matofali yaleyale, ila wenyewe wanaomba wiki moja ya kuhamisha kuku.

Niliteremka na noti yangu mgonjwa, mvua ikanikuta kabla ya soko.

Malalamiko ya mgeni, hata hivyo, yameshughulikiwa kwa haraka inayostahili. Leo amehamishiwa upande wa barabara, katika chumba kinachotazama ukuta wa jiko, naye amenishukuru kwa kunishika mkono. Namba tisa nimekitandika upya jioni, nikamweka bata wangu katikati ya kitanda, nikafungua dirisha ili hewa ipite. Ziwa lilikuwa likipiga kelele zake. Nilikaa kidogo kwenye kiti cha barazani kulisikiliza, hadi msimamizi alipopita akauliza kama kuna mgeni humo ndani.