Vipimo vya macho vimtoe mchezaji uwanjani, visimrudishe

Mchezaji wa raga aliyegongwa kichwa hadi akapata mtikisiko wa ubongo anaweza kutaja matokeo na timu waliyokutana nayo wiki iliyopita bila kukosea, kumbe macho yake hayaendi pamoja. Maeneo yanayoendesha macho yametapakaa kutoka mbele ya ubongo hadi kwenye shina lake, na nyuzi zinazoyaunganisha huvutika kichwa kinapotikiswa kwa nguvu. Ndiyo maana wengi wanataka kipimo cha macho kiwe mwamuzi kando ya uwanja.

Kinachojulikana zaidi ni King-Devick. Mchezaji husoma kwa sauti namba kwenye kadi 3, na sekunde alizotumia hulinganishwa na zile za kabla ya msimu. Akichelewa au akikosea, anatiliwa shaka. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliojumlisha tafiti kadhaa ulikuta kwamba kinanasa asilimia 86 ya walioumia na kuwapitisha asilimia 90 ya wazima. Inavutia. Lakini katika raga ya kulipwa ya England, utafiti wa 2019 ulipata 60 na 39. Yaani kati ya 100 walioumia, 40 wangerudi mchezoni, na kati ya wazima 100, 61 wangeshukiwa bure. Hapo walipimwa wachezaji waliogongwa na hali yao haikuwa wazi, na hao ndio hasa wanaomsumbua daktari wa timu. Isitoshe, mjanja anaweza kusoma polepole makusudi kabla ya msimu.

Kwa hiyo kadi zikionyesha kasoro, mtoe. Zikiwa safi, zisimrudishe aliyepoteza fahamu au anayepepesuka.

Mahali macho yanaposaidia kweli ni kliniki, siku za baadaye. VOMS, kipimo cha macho na mizani ya mwili kilichotoka Pittsburgh, Marekani, mwaka 2014, hakihitaji mashine. Kwanza mgonjwa atoe alama 0 hadi 10 kwa maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na ukungu wa akili. Kisha afuate ncha ya kidole kwa macho, arushe macho kati ya vidole viwili, na ageuze kichwa huku akikazia macho herufi (zoezi hili liache kama shingo inauma). Alama ziulizwe upya kila zoezi linapokwisha, kuona kama zimepanda.

Zoezi lake la kukutanisha macho ndilo linaloharibiwa zaidi na pupa ya mpimaji. Mgonjwa anyooshe mkono ulioshika kitu chenye herufi ndogo, aivute taratibu kuelekea puani hadi aone mbili, au hadi wewe uone jicho moja likitoroka nje. Herufi kufifia tu hakuhesabiwi. Pima kwa rula kutoka ncha ya pua, mara 3, uchukue wastani: sentimita 5 au zaidi ni dalili ya kasoro. Anayevaa miwani ya kusomea aivae, la sivyo unapima miwani iliyosahaulika nyumbani.

Huko Philadelphia, kati ya vijana 100 wa miaka 11 hadi 17 waliopimwa baada ya mtikisiko wa ubongo, 69 walikuwa na angalau tatizo moja la kuona. Hao walikuwa tayari kwenye kliniki ya wataalamu, hivyo idadi hiyo haiwahusu wote wanaogongwa. Hata hivyo, mwanafunzi anayesema mistari ya kitabu inapandana wiki kadhaa baada ya mechi apimwe hivi kabla ya kuitwa mvivu.