Taarifa inayopita mara moja

Nilizaliwa na kukulia Katuba, Lubumbashi, na huu ni mwaka wa 11 nikiishi Liège, mji wa Ubelgiji wenye viwanda vya chuma vilivyozimwa na vilima vya mabaki ya makaa ambavyo mtu aliyezoea kilima cheusi cha Gécamines, kampuni ya madini ya Kongo, hawezi kuvishangaa. Nikilinganisha miji hii miwili, watu hutarajia nianze na barabara au mishahara, lakini jambo linalonisumbua mara nyingi ni televisheni.

Liège ina RTC, mojawapo ya vituo 12 vya kienyeji vya Wabelgiji wanaosema Kifaransa, ambavyo kwa sehemu kubwa huendeshwa kwa fedha za umma. Taarifa yake ya habari husomwa jioni, kisha hurudiwa tena na tena, na baadaye huwekwa kwenye intaneti, hata anayefanya kazi ya usiku kama mimi hulikuta jambo la mtaa wake likimsubiri. Ajabu ni kwamba wanaorudia hivyo ni watu ambao umeme wao haukatiki.

Kwetu, ambako kura, yaani umeme, hukatika bila kuaga, taarifa ikipita imepita. Mwaka juzi tulipofiwa, shangazi yangu alipeleka komunike, yaani tangazo la msiba, kwenye kituo kimoja cha mji wetu, akalipa, akapewa risiti, akaambiwa itasomwa usiku uleule. Usiku huo mtaa mzima ulikuwa gizani. Komunike ilisomwa siku ya pili, wakati tumekwisha kurudi kutoka makaburini, na waliofika kwenye kilio ni wale waliopata ujumbe wa WhatsApp ulioandikwa na binamu yangu kwa dakika tano. Shangazi bado anaitunza risiti ile, sijui kwa ajili ya nani.

Wengi husema vijana wameiacha televisheni kwa sababu ya simu. Mimi naona televisheni yetu ya umma ndiyo iliyotangulia kuwaacha wananchi. Ilipokuwa ikiitwa OZRT, kabla ya kuwa RTNC mwaka 1997, taarifa ya habari ilifunguliwa kwa uso wa Mobutu ukishuka kutoka mawinguni, na tabia ya kutazama juu haikuondoka pamoja na yeye. Hata leo, katika vituo vya umma na vya binafsi, habari nyingi ni waziri au gavana anayekata utepe, na mwandishi husafiri kwa gari la mwenye sherehe na kurudi na bahasha, ile tunayoiita coupage. Mwandishi asiyelipwa mshahara kwa wakati, nani atamlaumu? Lakini habari ya kisima kilichokauka Ruashi, mtaa wa mji wetu, haina bahasha, kwa hiyo haisomwi.

Nisiwasifu wenyeji wangu kupita kiasi, kwa kuwa hata huku fedha za umma zinapungua, na serikali imetaka baadhi ya vituo hivyo 12 viungane. Zaidi ya hayo, kuna utajiri tulio nao ambao Liège haina. Lugha ya kale ya wazee wa huku, Kiwalloni, haitumiki kwa taarifa ya habari ya kila siku, ilhali RTNC husoma habari kwa Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba, na mama yangu, ambaye Kifaransa hakimkai kichwani, husikia habari za nchi yake kwa lugha yake.

Kwa maoni yangu kituo cha umma cha Lubumbashi hakihitaji studio mpya. Kichukue taarifa hiyo ya Kiswahili, kikate dakika tatu zinazohusu mji, kizitume kwa sauti tu kwenye WhatsApp, kwa kuwa video hula mega, yaani data za intaneti, na mega ni ghali. Kura ikirudi usiku wa manane, mtu ataisikiliza wakati huo.

Kwa sasa kazi hiyo anaifanya mpwa wangu. Mama akiona habari ya Katuba humwita, naye husimama mbele ya skrini na simu yake, akairekodi na kunitumia. Wiki iliyopita msomaji wa habari alifika kwangu akiwa na mwanga wa dirisha kifuani, jogoo akiwika nyuma yake, na katikati ya sentensi skrini ikawa nyeusi. Kilichobaki ni sauti ya mama ikisema: «Basi, mutumie hivyohivyo.»