Tumsubiri wa tatu, au tuendelee?

Mhasibu alikuwa anahamisha folda ya picha za risiti kwenda kwenye hifadhi ya ofisi: mafaili 40,000, kila moja dogo kuliko picha ya WhatsApp. Baada ya karibu robo tatu ya saa alinijia akiwa amenuna. "Si mlisema mmenunua seva mpya? Mbona kwenye laptopu yangu ilikuwa dakika moja tu?"

Laptopu ilimdanganya kidogo. Ilisema "tayari" mafaili yakiwa bado kwenye RAM, kumbukumbu ya muda inayofutika umeme ukipotea, ikayapeleka kwenye diski baadaye kwa wakati wake. Klasta yetu, yaani seva zetu zinazofanya kazi kama hifadhi moja, haina ruhusa hiyo. Tunatumia Ceph, mfumo wa kuhifadhi data uliotokana na utafiti wa Sage Weil pale Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, na kuelezwa rasmi mwaka 2006. Kwa mpangilio wetu, kila data ina nakala tatu kwenye seva tatu tofauti. Faili linafika kwanza kwa diski iliyo kiongozi, kiongozi analipeleka kwa wenzake wawili, kila mmoja analiandika kwenye diski yake na kurudisha jibu, na hapo ndipo kiongozi anamwambia aliyeleta: "limefika." Wastani wa hao watatu haukusaidii chochote hapo. Unamsubiri wa mwisho.

Diski ya kuzunguka ya mizunguko 7,200 kwa dakika inamaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3. Ukichanganya kusubiri sehemu sahihi ipite chini ya kichwa cha kusomea, kichwa chenyewe kuhama na safari za mtandao, milisekunde 20 kwa faili moja si aibu. Zidisha kwa 40,000: sekunde 800, yaani dakika 13 na ushei, huku mtandao ukiwa karibu umelala. Kununua swichi (kifaa kinachounganisha mtandao) ya kasi zaidi hapo ni kumpa dereva barabara pana wakati tatizo lake ni kushusha abiria mmojammoja kila kituo. Ukituma mafaili 16 kwa pamoja nafuu unaiona papo hapo.

Dakika 13 basi zina maelezo. Zile nyingine za ziada zinatufikisha kwenye mabishano ya siku nyingi: kwa nini tumsubiri wa tatu?

Wanaosema tusimsubiri wana hesabu nzuri mno. Chukua diski ambazo kila moja huchelewa mara 1 katika 100, kila moja kwa sababu zake. Ukisubiri zote tatu, utakwama karibu mara 3 katika kila 100. Ukiridhika na mbili zitakazowahi, utakwama pale tu mbili zinapochelewa kwa pamoja, ambayo ni karibu mara 3 katika kila 10,000. Vifaa ni vilevile, pungufu ni mara mia. Amazon walipoeleza mfumo wao wa kuhifadhi data, Dynamo, mwaka 2007, mpangilio waliousema ni wa kawaida ulikuwa nakala tatu, kuandika kunakubaliwa na wawili, kusoma kunauliza wawili. Kwa duka ambalo mteja akisubiri anaondoka, siwalaumu hata kidogo.

Lakini angalia gharama ilikohamia. Kwa kuwa wa tatu anaweza kuwa nyuma, msomaji hawezi kumwamini mmoja peke yake, na kila usomaji sasa unauliza wawili. Nakala zikipingana, programu ndiyo ipatanishe. Dynamo wenyewe walikiri kwamba bidhaa iliyofutwa kwenye kikapu cha mteja inaweza kurudi. Kwenye kikapu, mteja ataifuta tena. Kwenye daftari la mhasibu wangu, risiti iliyofutwa ikifufuka ni kesi. Ceph, kwa sababu imewasubiri wote wakati wa kuandika, inasoma kwa kiongozi peke yake na inaamini anachosema. Ofisi inayoandika mara moja na kusoma mara hamsini inapata faida hapo kila siku bila kuiona.

Kuna kambi ya tatu, ya kusema "limefika" data ikiwa bado kwenye RAM za seva kadhaa. HDFS, mfumo mwingine wa kuhifadhi mafaili kwenye seva nyingi, hufanya hivyo kwa kawaida, na inakubalika pale ambapo seva hazifi kwa pamoja. Sasa njoo kwenye chumba chenye seva tatu zinazotegemea UPS moja (betri ya dharura), katika mji ambao umeme ukikatika unakatika mtaa mzima. Hapo zinakufa pamoja. Ndiyo maana pia huwa nakataa SSD (diski zisizozunguka) za bei rahisi kwenye seva: za daraja la seva zina kapasita, vihifadhi vidogo vya umeme, za kumalizia kuandika umeme ukipotea, hivyo zinajibu haraka bila kudanganya. Za kompyuta za kawaida hazina, na zikilazimishwa kuandika kwelikweli, kasi iliyotangazwa kwenye boksi inayeyuka.

Mimi basi ni wa kusubiri. Ila upande wetu una udhaifu, na siku ile ulinikuta. Ceph inajua kushughulika na diski iliyokufa: diski zinaulizana hali kila sekunde chache, na isiyoitika kwa sekunde 20 hivi inatolewa, kazi inaendelea na mbili zilizobaki. Diski mgonjwa ndiyo shida. Ikiitwa inaitika "nipo," kwa hiyo haitolewi. Niliandika `ceph osd perf`, amri inayoonyesha kila diski inachelewa milisekunde ngapi, ikaja orodha ya diski zetu 12: 9, 11, 8, 12, 10 na nyingine kama hizo, kisha moja yenye 210.

Kwa nakala tatu kwenye diski 12, robo ya mafaili yote lazima yapite kwake: 10,000. Milisekunde 200 za ziada kwa kila moja ni sekunde 2,000, dakika 33. Jumlisha na zile 13, ndiyo robo tatu ya saa ya mhasibu. Tukiwa na mfumo wa wawili kati ya watatu, asingehisi kitu, na huenda mimi ningeigundua diski ile siku mwenzake wa pili alipoanza kuugua. Sijaamua kama hiyo ni sifa au lawama.

Niliitoa usiku, kwa sababu kujenga upya nakala zake kunazipa kazi diski zilizobaki na mchana watu wangeongeza malalamiko. Kesho yake mhasibu alileta folda ya mwezi uliofuata. Ikachukua dakika 13. "Bado," akasema. Nikamwomba kuanzia mwezi ujao aifunge iwe faili moja la zip kwanza.