Mtu wa maji ajua mlango wako kuliko jirani yako

Ukitaka kujua nani yuko na nani hayuko mtaani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, usimsumbue chifu, muulize mtu wa maji. Yule kijana wa mkokoteni ajua nyumba gani wana wageni manake pipa laisha mapema, ajua nani amesafiri, ajua mzee gani amebaki peke yake ghorofani na watoto wote wako Nairobi au Dubai wanamtumia M-Pesa mwisho wa mwezi. Na hakupeleleza mtu, ni kazi yake tu imemfunza.

Nasema mtu wa maji kwanza, ingawa wa gesi na wa mkate na bodaboda wa vifurushi pia wamo, kwa sababu Mombasa maji yetu yatoka mbali, Mzima huko Taita Taveta, Baricho upande wa Kilifi, Marere na Tiwi upande wa Kwale, na mji umekua kuliko hayo mabomba, kwa hivyo mifereji hukauka na hamali ndiye tunamtegemea. Gari haipiti kwenye vichochoro vyetu, gari ya polisi pia haipiti, lakini mkokoteni waingia na kijana abeba mitungi ya lita 20 apanda nayo zile ngazi za giza mpaka jikoni kwako. Nani mwengine afika jikoni kwako kila siku mbili?

Kuna bi mkubwa mmoja akaa peke yake ghorofa ya pili. Kawaida yake akisikia magurudumu yagonga chini huchungulia dirishani, ateremsha kikapu kwa kamba na pesa ndani, kijana hata hajaita. Asubuhi moja kikapu hakikushuka. Kijana akaita "Hodi nyanya! Maji!", kimya. Akapanda juu akakuta mitungi mitupu bado haijatolewa nje na mkate wa asubuhi bado umening'inia kwenye komeo vile muuza mkate alivyouwacha. Alikuwa na wateja wengine wangojea, angeshuka aende zake na hakuna ambaye angemlaumu, lakini alishuka mpaka nyumba ya chini akamwambia mama wa pale, "Mama, nyanya hafungui na mkate wake haujaguswa." Huyo mama ndiye alokuwa na ufunguo wa akiba. Walimkuta bafuni ameteleza, hawezi kuinuka, sauti imemkauka kwa kuita, lakini mzima alhamdulillahi. Watoto wake walipigiwa simu yuko hospitali tayari.

Mimi kilichonigusa zaidi ni vile hakusukuma mlango akaingia peke yake, alimtafuta jirani kwanza. Huo ndio ulinzi ninaousema. Hakukuwa na rungu wala tochi, ni mtu anayejua kawaida ya nyumba na akiona imebadilika ana mtu wa kumwambia.

Lakini sasa angalia tunavyowafanyia. Kukiibiwa simu au pikipiki, jina la kwanza kutajwa ni la kijana wa maji. Kwenye grupu la WhatsApp la mtaa niliona picha ya barobaro yuko na mkokoteni wake, imepigwa kwa nyuma, chini imeandikwa "huyu tumchunge", na kosa lake hakuna aliyelitaja hata mmoja. Niliumia sana. Najua hofu imetoka wapi, vijana wa mapanga wametutesa Kisauni, Likoni, mpaka huku kisiwani, mtu akisikia hatua nyuma yake usiku moyo waruka. Ila picha kama ile yaweza kuua mtu, twajua Kenya hii mtu akiitiwa mwizi hakuna anayengoja kusikia maneno yake.

Na siwataki wageuzwe askari pia. Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulinda mtaa pamoja, ilipoletwa 2013 baada ya shambulizi la magaidi la Westgate Nairobi tuliambiwa tujuane, jambo zuri kabisa, lakini kwa watu wengi ikawa ni kupeleka majina kwa chifu. Mtu wa maji akianza kuonekana ni wa kupeleka majina hakuna atakayemfungulia mlango, na wenye mapanga watamjua kabla yetu. Wala wasipewe ruhusa ya kuadhibu mtu, tuliona Machi 2022 kule Nairobi wanabodaboda walivyomzingira mwanamke dereva, mpaka rais akaamuru msako wa bodaboda nchi nzima. Kundi la vijana wazuri likikasirika pamoja ni jambo jengine kabisa.

Halafu kuna siri za nyumba. Katiba yetu Ibara ya 31 yalinda faragha ya mtu na mambo ya familia yake, na kijana anayejua nyumba fulani ni tupu wiki hii amebeba kitu kizito. Asikitangaze, na sisi tusimuulize ulize kibarazani nani amesafiri, nani ana mgeni. Akiona jambo amwambie mtu mmoja ambaye mwenye nyumba mwenyewe amemchagua. Basi.

Hili twaweza kulianza bila serikali. Wewe ambaye mamako akaa peke yake, mjue kijana anayemletea maji kwa jina, jina la kweli sio "we maji!", mpe namba yako na ya jirani mwenye ufunguo, mwambie mama asipofungua nipigie. Na umlipe. Ufaransa shirika lao la posta tangu 2017 lina huduma ya mtu wa barua kupita kuwajulia hali wazee na familia ndio hulipia kila mwezi, wamekubali kwamba ni kazi. Sisi twataka bure kwa sababu kijana ni maskini na ana adabu.

Na akiitwa kituoni kuandikisha taarifa kwa sababu ndiye aliyeona kwanza, ile siku yake imekufa, mkokoteni wengi wao wameukodi na mwenyewe ataka pesa yake jioni. Hiyo siku mtaa uilipe, tuchange kwenye lile lile grupu tulilowekea picha.